Forester XT hapa Dar: koni ndani ya boneti, bomba refu la kwenye fenda, au boksi la kiwandani na filta bora?

#1 Kibada_XT
Wakuu, heshima kwenu. Nina Subaru Forester XT ya 2005, bodi SG5, injini EJ205 yenye turbo. Ekzosi nimeshabadilisha, plagi mpya, rejeta safi. Sasa nataka kuhamia upande wa kuvuta hewa na hapo ndipo nimekwama.

Nimezunguka maduka ya spea Gerezani, kila duka na lake. Wa kwanza anataka nitoe boksi lote la ea klina nifunge koni (filta ya wazi isiyo na boksi), bei ya kawaida na kazi haichukui muda. Wa pili ana bomba refu la aluminiamu linaloshuka mpaka ndani ya fenda, filta inakaa chini nyuma ya bampa. Anasema hiyo ndiyo hewa baridi ya kweli. Wa tatu ni mzee mmoja mtulivu, kaniambia niache kila kitu kilivyo, ninunue filta bapa ya kuosha niichomeke kwenye boksi lilelile.

Halafu kuna jambo linanichanganya. Jamaa yangu ana Impreza STI yenye koni. Ikipanda juu inavuta na mlio wake unasisimua, ila injini ikiwa chini ya mizunguko 3000 kwa dakika naiona nzito kuliko yangu ambayo upande wa hewa haijaguswa. Kwa nini?

Naishi Kibada, kazi Posta, kila siku napita darajani na foleni zake. Naomba maoni ya waliozitumia hapahapa kwetu, kwenye joto na vumbi letu. Video za Marekani nimeangalia za kutosha. Uzi tayari.

#2 Mdau_Sinza
Naweka kambi hapa. Wajuzi wa injini za boxer za Subaru mnaitwa huku.

#3 TurboMbezi
Koni, mkuu. Boksi la kiwandani lina vyumba vya kuua sauti, na kila chumba ni kona ya kuibana hewa. Toa, funga koni, uisikie turbo inavyovuta. Mimi Mark II yangu ya 1JZ-GTE ina koni ya HKS miaka mingi sasa na haijawahi kunisumbua.

#4 FundiBoxer
TurboMbezi, kwako imekubali kwa sababu maalumu, na sababu hiyo Kibada hanayo. Injini yako ya 1JZ-GTE haina ea-flo (kipimo cha hewa inayoingia). Inapima presha ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) na joto la hewa, kompyuta inapiga hesabu ya mafuta kutokea hapo. Ukibadilisha bomba la mbele haina habari. EJ205 inapima hewa yenyewe inapopita, na kipimo chake kiko kwenye shingo ya boksi hilohilo unalomwambia alitoe.

Kibada, fungua boneti. Pale boksi linapokutana na bomba utaona kidude cheusi kimeshikwa na skrubu mbili, kina soketi ya nyaya. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa inapopita inaupoza, na umeme unaotumika kuurudishia joto ndio kompyuta inausoma kuwa gramu za hewa kwa sekunde. Jedwali zima limepangwa kwa kipenyo cha shingo ile.

Chukua mfano wa shingo ya milimita 65 ukiibadilisha kwa ya 70. Kwa macho huoni tofauti, lakini eneo la kupitishia hewa limeongezeka kama asilimia 16. Hewa ileile sasa inapita taratibu mbele ya waya, kompyuta inaamini imeingia kidogo, inatoa mafuta kidogo. Kibaya zaidi inadhani injini haina mzigo, kwa hiyo inawahisha moto wa plagi. Mafuta pungufu na moto wa mapema kwenye injini yenye turbo, hapo ndipo pistoni za Subaru zinapovunjika kingo za ringi. Nimeshazishika mkononi, kipande kimemeguka kama kucha.

Ukiipenda koni, tafuta yenye shingo ya kipenyo kilekile cha ndani na sensa ikae sehemu iliyonyooka, isiwe baada tu ya kona. Hata hivyo utafute mtu wa kuituni, yaani kupanga upya kompyuta yake.

#5 Kibada_XT
Shukrani fundi. Kwa hiyo ya jamaa yangu ndiyo ugonjwa huo? Mbona dashibodi haina taa yoyote?

#6 FundiBoxer
Taa haiwaki mpaka mambo yavuke mpaka. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona upungufu na kompyuta inaongeza mafuta yenyewe. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta inaacha kuisikiliza sensa ile na kufuata jedwali. Mwambie achomeke mashine ya kusoma kompyuta ya gari asome marekebisho ya mafuta ya muda mrefu. Yakikaa juu ya asilimia 10 upande wa kuongeza, ama hewa inapimwa pungufu ama kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma.

#7 Injinia_Dada
Fundi umeeleza vizuri, ila mimi nashuku joto kabla ya ea-flo. Kwenye Subaru za kizazi hiki sensa ya joto la hewa imo humohumo ndani ya ea-flo, kwa hiyo ukichomeka ELM327 (kidude cha kusoma kompyuta ya gari) na simu unasoma hewa inayoingia ikiwa bado haijafika kwenye turbo.

Nilichomeka kwenye Impreza WRX ya kaka yangu, ina koni tupu isiyo na bati la kuzuia joto. Foleni ya Mwenge, saa nane mchana, nje nyuzi 32. Namba kwenye simu ikawa inapanda taratibu, arobaini na kitu, hamsini, ikavuka 60 tumesimama. Barabara ilipofunguka kuelekea Tegeta ikaanza kushuka, lakini haikuifikia ya nje hata mara moja. Aliporudisha boksi la kiwandani, njia ileile, ilipanda pia, ila si kwa kiasi kile, maana boksi linavuta hewa ya mbele kwa mdomo wake.

Hesabu yake ni rahisi. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka, hewa inapungua uzito kwa asilimia 3 hivi. Kutoka 32 hadi 60 umepoteza kama asilimia 8 hata kabla hujakanyaga. Kibada, hiyo Impreza kuwa nzito chini usitafute mbali.

#8 TurboMbezi
Dada, kwenye foleni nani anashindana? Ukishakimbia joto linaondoka. Na intakula (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo) ipo kwa kazi hiyo.

#9 Mzee_wa_Gerezani
Tena hizi Subaru zina tundu juu ya boneti. Upepo unaingia pale unaipoza koni. Watu wanapenda kutisha wenzao.

#10 GobaBoy
Hapana mzee wangu, shikamoo kwanza. Lile tundu linapeleka upepo kwenye intakula iliyolala juu ya injini. Koni iko pembeni kule mbele, haipati hata chembe ya upepo ule. Kesho fungua boneti ufuate plastiki yake kwa mkono, utaona inapoishia.

#11 Mzee_wa_Gerezani
Marahaba. Nitaangalia.

#12 Injinia_Dada
TurboMbezi, intakula ya kulala juu ya injini nayo inachemka kwenye foleni, pengine kuliko kitu chochote humo ndani. Na turbo inazidisha joto ililopewa. Ukiiingizia hewa yenye nyuzi 20 zaidi, inayotoka itakuwa imezidi kwa zaidi ya 20, na busti (presha ya turbo) ikiwa hiyohiyo. Kisha sisi hapa hatuna dakika kumi za barabara tupu zikifuatana. Taa za Morocco, taa za Mwenge, Lugalo, unasimama tena. Dar unaendesha gari lenye joto la foleni muda mwingi. Ndiyo maana nasema namba ya kwenye simu ina maana kuliko namba ya kwenye boksi la dukani.

#13 VumbiLaMadale
Mnabishana joto na ea-flo, vumbi mnaliachia nani? Huku kwetu Madale na Goba barabara za ndani zote ni udongo. Kiangazi ukifuata gari la mbele huoni bampa lake.

Vumbi lina chembe za mchanga, ni ngumu, zinakwangua kuta za silinda na kula ncha za mapanga ya turbo yale ya mbele. Nilinunua Forester kwa mtu ikiwa na koni ya wavu wa chuma, zile zinazong'aa. Nikafungua bomba nyuma ya filta, nikapitisha kitambaa cheupe ndani. Kilitoka chekundu, na si mafuta, ni udongo mkavu laini kama poda. Umepita kwenye filta kwa raha zake. Wiki hiyohiyo nilitafuta boksi la kiwandani, nikaweka filta ya karatasi. Baada ya miezi ya barabara ileile nikarudia kitambaa, kikatoka na weusi kidogo wa mvuke wa oili tu.

Filta zina kipimo chake cha kimataifa, ISO 5011. Wanapima mambo matatu: inazuia vumbi kiasi gani, inabana hewa kiasi gani, na inabeba vumbi kiasi gani kabla haijaziba. Muuzaji atakutajia la pili tu. Muulize la kwanza.

#14 Mdau_Sinza
Kitambaa cheupe nimeelewa. Jioni hii nakipima changu.

#15 CarWash_Tabata
Filta ya karatasi kila ukileta gari kuosha tunaipiga upepo inarudi mpya, haina gharama. Kwa nini watu wanunue za kuosha?

#16 VumbiLaMadale
Kaka, hapo mnaharibu magari ya watu. Upepo wa kompresa unatanua vijitundu vya karatasi na kuchana mikunjo. Na filta ya karatasi yenye vumbi kidogo inazuia vizuri kuliko iliyotoka dukani leo, kwa sababu vumbi lililotangulia linaziba njia za chembe ndogo. Iache ifanye kazi, ikijaa itupe. Ya karatasi si mali ya urithi.

#17 KN_Mtumiaji
Mimi ni wa filta bapa ya pamba yenye oili, ya K&N, ndani ya boksi la kiwandani. Naiunga mkono kauli ya yule mzee wa dukani. Shingo haijabadilika, ea-flo haijaguswa, hewa inatoka palepale. Ila oili yake itie kwa kiasi. Watu wanaimwagia mpaka inachuruzika, kisha turbo inazivuta chembe za oili mpaka kwenye waya wa ea-flo. Waya ukipata utando, vipimo vinapotea na gari linaanza kukosa pumzi.

Na mkae macho, Kariakoo feki ni nyingi, zina lebo ya kampuni kubwa na boksi zuri. Ikamate mkononi uangalie kwenye mwanga. Raba ya pembeni ikiwa ngumu na mikunjo haina nafasi sawa, rudisha.

#18 FundiBoxer
Nakazia #17. Nyongeza: ea-flo ikichafuka, isafishwe kwa dawa yake maalumu ya kopo. Usifute waya kwa kitambaa wala brashi, unakatika.

#19 BokoMvua
Nije kwenye bomba refu, maana naona halijasemwa. Mtaani kwetu Boko masika ikikolea maji yanasimama barabarani. Jirani yangu alikuwa na gari lenye filta nyuma ya bampa, chini kabisa. Aliingia kwenye dimbwi lililofika kama nusu ya tairi, akiwa kwenye gia ya pili, gari likazima kwa mlio mmoja mkavu. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda na maji juu yake hakuna pa kwenda, konrodi (mkono unaoshika pistoni) ndiyo inapinda. Injini ilifunguliwa, rodi moja ilikuwa imejikunja unaiona bila hata kupima.

Boksi la kiwandani mdomo wake uko juu, usawa wa taa. Bomba refu unauleta mdomo usawa wa maji. Jangwani, Mkwajuni, Boko, Basihaya, mnazijua wenyewe.

#20 TurboMbezi
Kuna valvu ya AEM ya kukata maji, inafungwa katikati ya bomba. Filta ikizama, valvu inafunguka inavuta hewa ya juu. Tatizo limekwisha.

#21 FundiBoxer
Valvu hiyo AEM wenyewe hawaipendekezi kwenye gari lenye turbo. Ni ya injini zinazovuta zenyewe. Usimpe Kibada matumaini yasiyo yake.

#22 TurboMbezi
Fundi leo umenishika koo haswa. Haya.

#23 Mikocheni_STI
Naomba nilitetee bomba refu kidogo. Yangu ina vipande viwili. Kiangazi nafunga cha chini, joto la hewa linakaa karibu sawa na la nje hata kwenye foleni. Mvua zikianza nakitoa, filta inabaki juu. Sharti moja, gari lilituniwa na kipande cha ea-flo kikiwa kilekile misimu yote miwili. Kwa anayeijua ratiba ya mvua za Dar na asiye mvivu wa kutoa plastiki ya ndani ya fenda, ndiyo mfumo bora kuliko yote mliyotaja.

#24 BokoMvua
Ratiba ya mvua za Dar nayo siku hizi nani anaijua?

#25 Mikocheni_STI
Hilo nakupa.

Kibada, kuhusu swali la Impreza, naona wote mmepita jambo la wazi. Yake ni STI, EJ207, turbo yake ni IHI ya familia ya VF. Yako ni TD04, ndogo zaidi, inaamka mapema, na Forester ilipangwa ivute kuanzia chini. Ungeitoa ile koni leo, bado chini ya 3000 ungeiona nzito. Unalinganisha turbo mbili, umeitupia lawama filta.

#26 Injinia_Dada
Hoja nzuri, lakini WRX ya kaka yangu ina TD04 kama ya Kibada, na kwa koni ileile ilikuwa nzito kwenye foleni na nyepesi alfajiri. Turbo haikubadilika kati ya alfajiri na mchana.

#27 Mikocheni_STI
Alfajiri hata gari lenye boksi la kiwandani ni jepesi, dada.

#28 PoloPosta
Mie naona mengine ni masikio. Koni ikifungwa gari linanguruma kuanzia 3000, basi chini yake panaonekana pamekufa kwa sababu pako kimya. Wekeni saa, 40 hadi 80 kwa gia moja, kabla na baada. Mkishapata sekunde ndiyo tubishane.

#29 Kibada_XT
Wakuu nawashukuru, nimejifunza mengi. Bomba refu nimelitoa kwenye hesabu, kule kwetu mvua ikinyesha barabara za ndani zinageuka mito. Swali: kama ni filta bapa tu, nitapata nguvu yoyote au ni usafi wa moyo?

#30 FundiBoxer
Nguvu ya kuhesabika usiitegemee. Kwenye turbo ya kiwandani, busti inasimamiwa na kompyuta. Mbele ya turbo pakiwa huru, turbo inaifikia busti ileile bila kuhangaika sana. Mfano: unataka kilopaskali 200 baada ya turbo. Mbele yake pakiwa na 100, inazidisha mara 2. Filta ikibana mpaka 95, inazidisha mara 2.1, na hewa inatoka na joto zaidi. Faida iko hapo, na ni ndogo kama filta yako ya sasa si chafu.

Ukitaka kujua boksi lako linabana kiasi gani, tafuta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje kama herufi U, weka maji ya rangi. Ncha moja iunge kwenye bomba kati ya filta na turbo, nyingine iache wazi. Mwenzako akanyage barabarani, wewe tazama maji yanapanda sentimita ngapi. Rudia bila filta, mara moja tu na pasipo vumbi. Yasipotofautiana sana, filta si kizuizi chako, na koni haitakupa kitu zaidi ya sauti.

#31 TurboMbezi
Sauti nayo ni kitu. Mimi nailipia kwa moyo mmoja. Na ile "psshhh" ukiachia mafuta, weka valvu ya kutoa nje.

#32 FundiBoxer
Kwenye 1JZ yako sawa. Kwenye EJ205 hewa ile imeshapimwa na ea-flo, ukiimwaga nje kompyuta inatoa mafuta ya hewa ambayo haipo. Moshi mweusi kila ukibadili gia. Iache irudi kwenye bomba kama kiwanda kilivyoiweka.

#33 SpeaIlala
Nina boksi kamili la SG5 limetoka Japani, na mdomo wake wa mbele na klipu zote nne. Anayehitaji aje PM.

#34 VumbiLaMadale
Mnaona? Mnaotoa maboksi mnayatupa, kisha mnakuja kuyanunua Ilala.

#35 MarkX_Tegeta
Samahani kuingilia. Mark X yangu GRX120, 2.5 isiyo na turbo. Haya yote yananihusu?

#36 Injinia_Dada
Ea-flo unayo, kwa hiyo ya #4 yanakuhusu. Vumbi na maji yanamhusu kila mtu. Joto nalo linakuhusu, maana huna intakula ya kukupunguzia. Baki na boksi, filta nzuri, hakikisha mdomo wa mbele haujavunjika. Magari mengi yaliyogongwa mbele kidogo, fundi wa bodi anarudisha bampa na kuuacha ule mdomo chini ya meza.

#37 GerejiTegeta
Nimesoma uzi wote, nimeshangaa mpira haujatajwa. EJ zote hizi zina mpira wa kuingizia hewa kwenye turbo, unapita chini ya manifoldi, hauonekani ukiwa umesimama mbele ya gari. Gari la 2005 huo mpira umeshapikwa. Unapasuka kwa chini, ama klipu yake imelegea. Fundi anapofunga koni anauvuta na kuupinda, ufa unafunguka. Hewa inaingia baada ya ea-flo bila kupimwa, na vumbi linaingia bila kupita kwenye filta. Busti inachelewa, chini gari linakuwa zito, juu linavuta. Dalili za Impreza hiyo zote zimo. Kibada, kabla hujanunua chochote, vueni bomba mwingize tochi.

#38 Mikocheni_STI
Ufa mkubwa hivyo ungeitetemesha injini. Gari lisingetulia likiwa limesimama.

#39 GerejiTegeta
Si lazima. Likiwa limesimama injini inavuta kidogo, ufa unajifunga kwa ugumu wa mpira. Ukikanyaga, mvuto unaufungua. Nilikuwa na Forester hapa gerejini, koni na shingo kubwa, marekebisho ya mafuta asilimia 14 juu. Tukabadilisha mpira tu, koni ikabaki palepale, yakashuka hadi 5 na uzito wa chini ukaisha. Kama ni kipenyo cha shingo, fundi wa #4 anieleze yalishukaje. Kama ni joto la #7, boneti ilikuwa ileile na jua lilelile.

#40 FundiBoxer
Na hizo 5 zilizobaki juu, kaka, umezieleza kwa kitu gani?